Vidole Vitatu Mbele ya Kamati

"Umenikatiza tena. Sasa itabidi nianze upya."

"Huanzi upya," nikamwambia wifi yangu. "Unaendelea hapo hapo ulipokatizwa."

"Hapo hapo ni wapi? Umeshanitoa njiani. Hivi wewe ni wifi yangu au ni karani wa msimamizi?"

Hakungoja jibu. Alibana miguu pamoja kama mtoto wa darasa la tatu mbele ya mkaguzi, akaanza kutoka juu: "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati, hamjambo. Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa..." Ilikuwa mara ya sita mchana ule. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani, shuka ya wodi ya wazazi mapajani, pini mdomoni, hasira imenifika kooni. Hasira yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya barua.

Barua ile ilikuwa na mistari minne tu. Ilisema kwamba mfanyakazi tajwa aliungua vidole kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akipiga soga kwa mikono badala ya kuangalia kazi. Chini yake sahihi ya msimamizi na muhuri wa hospitali. Ikibaki kwenye faili, mwisho wa mwaka mkataba wake hausainiwi. Basi. Mtu afue damu na matapishi ya watu miaka ishirini na miwili, halafu mistari minne imwite mzembe na kumfungulia mlango wa nje.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu. Kazini wanamwita Kengele, na hawakukosea. Chumba cha kufulia cha hospitali si mahali pa kunong'ona. Kuna mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi kubwa ya rola inayomeza shuka mbichi upande huu na kuitoa kavu upande wa pili. Zote zikiunguruma kwa pamoja, hata ukijisemesha mwenyewe hujisikii. Wanaokaa humo huwa wa aina mbili: wanaopiga kelele na wanaosema kwa mikono. Kengele ni wa aina zote mbili. Mimi nashona viraka chumba cha pembeni, mlango ukifungwa nasikia vizuri, lakini lugha yao ya mikono naijua tangu zamani. Kidole kikizungushwa hewani ni kitu kinachozunguka, mashine au feni. Kupapasa kidevu ni msimamizi, kwa ajili ya zile ndevu zake tatu. Ngumi juu ya kichwa ni simamisha. Hakuna aliyetufundisha. Ni kama njia ya mkato kwenye majani, watu wamepita mpaka ikawa njia.

Mbele ya rola ile kulikuwa na ubao mwembamba wa chuma. Kidole kikiugusa, rola inasimama yenyewe. Ubao huo ulikuwa na tabia ya kusimamisha rola hata shuka nene ikiugusa, na msimamizi hakupenda, maana yeye huhesabu shuka, hahesabu vidole. Akamwita fundi wa mitambo, ubao ukainuliwa na kufungwa juu kwa waya. Kengele alimwambia mara tatu, kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba waya ule utamla mtu. Mara ya tatu msimamizi alimjibu, "Mama, wewe unapiga pasi au pasi inakupiga wewe?" Watu wakacheka. Miezi miwili baadaye rola ikamvuta pamoja na pindo la shuka, vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Sasa kamati ya utumishi ilikuwa imempa dakika kumi za kujitetea, siku ya Alhamisi. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kukariri. Sisi tuliosomea darasa la watu sabini na kitabu kimoja, tulifundishwa kushika vitu kwa kichwa, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, kama shanga kwenye uzi. Kata uzi, shanga zote chini. Alikuwa ameandikiwa hotuba na jirani yake karani, kurasa tatu, na kaikariri yote na nukta zake. Nikimwuliza swali moja tu katikati, anaduwaa, macho yanakwenda darini, halafu: "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe..."

"Unyenyekevu mkubwa wa nini?" nikamwuliza. "Umeungua wewe, unyenyekee wewe?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Na dakika ngapi mpaka ufike kwenye ubao?"

Hakujua. Alikuwa akijipimia kwa mashine ya kufulia inapokamua maji, kwamba mzunguko mmoja ni dakika tisa. Lakini aliposema huku mashine inakamua, alikuwa bado kwenye historia yake ya kuajiriwa na mashine imeshasimama. Nikamtolea simu, nikaweka saa. Salamu peke yake zilikula dakika mbili na nusu. Nikamwambia wanaomsikiliza watakuwa wamekunywa chai na kuota ndoto kabla rola haijatajwa.

"Basi niseme nini?"

"Sema kilichotokea. Kama unavyoniambia mimi."

"Wewe nakuambia kwa matusi."

"Toa matusi. Kinachobaki ndicho."

Jioni hiyo alijaribu nyumbani, kwa mume wake. Kaka yangu alisikiliza kidogo, akalala. Kesho yake Kengele akanijia na malalamiko yake, nami nikamwambia kumsomea mtu aliyelala si mazoezi, ni kumbembeleza mtoto.

Kurasa tatu nikazichukua, nikazikata kwa mkasi kuwa kielelezo cha kushonea gauni. Hapo aligomba kweli. Akasema karani ameandika usiku kucha, akasema mimi cheti changu cha shule ya msingi kinafanana na chake, nisijifanye profesa. Nikanyamaza nikashona. Baada ya muda akakaa kwenye furushi la foronya, akautazama mkono wake wenye bandeji, vidole vitatu vimefungwa kila kimoja peke yake, vinene kama mishumaa.

"Ubao," akasema, akainua cha kwanza. "Waya," cha pili. "Na mkono wangu wa kushoto," cha tatu. "Vitatu tu. Hata nikikatizwa mara mia, vidole sitavisahau. Vinaniuma."

Sikumpa mimi hiyo. Aliitoa mwenyewe, na toka siku hiyo hakuanza upya tena. Nilimkatiza kwenye ubao, akajibu, akarudi kwenye ubao. Nilipiga chafya makusudi, niliangusha mkasi, nilijifanya napokea simu. Akawa ananingoja nimalize, anaendelea. Tukafika dakika nane, kisha saba.

Kosa la pili tungelijua wapi, sisi wa kelele? Mfanya usafi wa ofisi kuu, mama mmoja mwenye kilemba na ufunguo wa kila mlango, alitufungulia chumba cha mikutano Jumatatu wakati wa chakula cha mchana. Nilitaka aone mahali atakaposimama. Kulikuwa na zulia, meza ndefu, viti vya kuegemea na feni moja inayogonga darini, tak, tak. Kengele akasimama mwisho wa meza, akafungua kinywa.

Mfanya usafi aliruka, ufagio ukamponyoka.

"Mama," akasema, "umekuja kujitetea au kugombana na viti?"

Maana tulikuwa tumefanya mazoezi yetu yote mlango wangu uko wazi, mashine zinanguruma nyuma yetu, na yeye kila neno alikuwa akilirusha juu ya kelele kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Ndani ya chumba kile cha zulia, sauti ilikuwa kipigo. Nikaona vizuri itakavyokuwa: wataona mwanamke anayefoka, watasema huyu ndiye mzembe wetu, tena mkorofi. Mtu mwenye haki akipayuka, watu husikia mpayuko, haki hawaisikii. Inaniudhi, lakini ndivyo ilivyo.

"Punguza."

Akapunguza. Bado ilikuwa kengele.

"Punguza tena. Sema kama kuna mgonjwa amelala hapa."

Hapo akaweza, kwa kuwa wodi anazijua. Lakini alilia. Alisema kwa sauti ile ndogo anajisikia kama anaomba msamaha. Mfanya usafi akamwambia, huku anafuta meza isiyo na vumbi, "Dada yangu, daktari mkuu naye husema taratibu hivyo hivyo, na sijaona akiomba msamaha hata siku moja."

Siku iliyofuata ndiyo niliyoharibu mimi. Niliona sasa anajua maneno, anajua sauti, lakini hajapigwa bado. Na msimamizi atampiga, ndiyo kazi yake. Nikavaa miwani ya kushonea puani, nikapapasa kidevu, nikajifanya yeye.

"Mama Kengele, tuambie. Mkono wako wa kushoto ulikuwa ukifanya nini wakati ule?"

"Ulikuwa juu."

"Juu ya shuka?"

"Hapana. Juu."

"Ulikuwa unazungumza na mwenzako."

"Nilikuwa namwambia..."

"Unazungumza. Jibu ndiyo au siyo."

"Ndiyo, lakini..."

"Ulikuwa unapiga umbea kwa mikono, mama, na umbea umekulamba vidole. Unataka hospitali ikulipie umbea wako?"

Nilisema vizuri mno. Nilisema kama yeye hasa, kwa ile sauti yake ya puani. Kengele alinitazama, uso wake ukafungwa kama dirisha. Akaokota kanga yake, akatoka. Siku nzima hakusema nami. Jioni nilipita kwao, kaka yangu akaniambia mlangoni wifi yako kalala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Nilikasirika. Nilijiambia mimi namsaidia, yeye ananinunia. Lakini nikiwa peke yangu na cherehani nilijua kwamba maneno yale yalikuwa yametoka mahali fulani ndani yangu. Mimi pia, siku ile ya ajali, niliposikia tu kwamba alikuwa akisema kwa mikono, nilifikiri: lazima alikuwa anasimulia habari za watu. Nilifikiri hivyo kabla ya kuuliza. Wote tulifikiri hivyo. Hata mwenzake wa rola, mama mpole aliyekuwa upande wa pili wa shuka ileile, alipoulizwa alisema hakuona kitu. Ana watoto watano na mkataba wake nao unaisha Desemba. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Jumatano asubuhi Kengele aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango kwa kisigino.

"Lirudie lile swali."

"Wifi, jana ile mimi..."

"Sijasema uombe radhi. Nimesema lirudie. Vilevile, na pua vilevile. Radhi utanidai, au nitakudai mimi, tutajua baadaye."

Nikalirudia. Mara ya kwanza aliishia njiani. Mara ya pili alinitukana, tena tusi zuri, sijawahi kulisikia. Mara ya nne alijibu. Mara ya saba alijibu bila kunitazama kama adui, akanitazama kama shuka chafu: kitu cha kushughulikia, basi.

Alhamisi alivaa gauni la bluu nililompunguzia kiunoni. Kanuni inaruhusu mfanyakazi kuja na mtu mmoja, lakini mtu huyo hasemi neno. Mimi kunyamaza dakika kumi, hiyo nayo ilihitaji mazoezi yake. Nilikaa karibu na mlango. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye mvi, kalamu sikioni. Kushoto na kulia wajumbe wanne. Msimamizi alikuwa kwenye kiti cha peke yake, ameegemea, ndevu zake tatu zimechanwa.

Kengele alisimama. Hakusema unyenyekevu. Alisema, kwa sauti ya wodi, "Hamjambo. Nina mambo matatu," akainua mkono wenye bandeji, akashika kidole cha kwanza kwa mkono wa kushoto. Nikaona mjumbe mmoja, mzee mwenye koti, akiacha kuandika.

Alisema ubao. Akakatizwa: ubao huo uliondolewa lini? Akajibu, akarudi kwenye ubao. Alisema waya, nani aliagiza, nani alifunga, mara ngapi yeye alilalamika, na alijibiwa nini. Aliitaja ile ya mama wewe unapiga pasi au pasi inakupiga wewe, neno kwa neno, bila kupandisha sauti, na safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi alikohoa.

Alipofika kidole cha tatu msimamizi hakungoja.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba aulizwe swali moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi? Mimi nilimwona kwa macho yangu kupitia kioo cha ofisi yangu. Ulikuwa hewani. Hawa akina mama kutwa wanapiga umbea kwa mikono. Huo umbea ndio uliomuunguza, si rola."

Ilikuwa karibu maneno yangu. Alikosa tu lile la kulamba.

Kengele alimtazama kama shuka chafu.

"Ni kweli mkono wangu ulikuwa hewani," akasema. "Pindo lilikuwa limejikunja, limebaki bichi, na linapojikunja linavuta kidole. Niliona linanivuta. Mdomo wangu haufai kitu mle ndani, mwenzangu asingesikia. Kwa hiyo nilimwambia kwa mkono asimamishe. Hivi." Akaweka ngumi ya kushoto juu ya kichwa chake. "Bwana msimamizi aliniona. Amesema mwenyewe kwamba aliniona. Yuko nasi miaka sita na hajui simamisha ikoje."

Feni iligonga darini, tak, tak.

Mwenyekiti akatoa kalamu sikioni. "Nitajuaje mama kwamba hiyo ni lugha? Mtu anaweza kuinua ngumi akasema leo maana yake simamisha, kesho maana yake njaa."

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nilitaka kusimama, nikakumbuka kanuni, nikauma ulimi. Kengele alifikiri kidogo. Hakutazama dari.

"Niandikie kitu, mheshimiwa," akasema. "Chochote cha kazi. Huyo aliyekaa mlangoni anashona viraka, hajaambiwa neno. Mimi sitafungua mdomo."

Mwenyekiti aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akamsogezea. Kengele alisoma. Aligeuka, akanitazama. Akazungusha kidole hewani, akakielekeza juu, kisha akaweka ngumi kichwani.

Niliinuka, nikaenda ukutani, nikazima feni.

Ilizunguka, ikagonga tak mbili za mwisho, ikasimama. Mzee mwenye koti alicheka peke yake, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti aliifungua ile karatasi, akawaonyesha wenzake, kisha akamwonyesha msimamizi: *Izimwe feni, inatusumbua.* Msimamizi aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Nimemaliza," akasema Kengele. Zilikuwa zimetumika dakika nane.

Tulingojeshwa kwenye korido karibu saa nzima, kwenye benchi la mbao. Tulipoitwa tena, msimamizi hakuwamo. Mwenyekiti aliitoa barua kwenye faili mbele yetu, akaipigia mistari miwili ya kalamu nyekundu, akatia sahihi. Alisema ubao utafunguliwa kabla ya zamu ya mchana, na kwamba kamati inasikitika kwa usumbufu. Usumbufu. Vidole vitatu ni usumbufu. Kengele alisema asante kwa sauti ya wodi. Msimamizi angali msimamizi mpaka leo, ana kioo chake na hesabu zake za shuka, na neno samahani halijawahi kutoka kwenye zile ndevu. Nikikutana naye ngazini huwa nashuka katikati, yeye ndiye apishe.

Nje, kwenye ngazi hizo, wifi yangu aligoma kuendelea kutembea. Sasa. Baada ya yote. Akakaa kwenye ngazi na gauni lake la bluu, nami nikakaa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na la kumsahihisha.

"Wifi," nikasema. "Lile la umbea. Sikulisema kwa mazoezi tu. Nilikuwa nimelifikiri."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ulilisema vizuri mno." Alikuwa anajipepea kwa ile karatasi ya feni, aliondoka nayo sijui saa ngapi. "Nilikasirika mpaka nikataka nikurushie pasi. Ukiona jana nimekuja, si kwamba nimekusamehe. Nilikuhitaji."

"Na sasa?"

Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wanatuzunguka.

"Yule alipolisema mle ndani halikuniuma," akasema. "Nilikuwa nimeshaumia nalo kwako, likaisha. Basi, lako nimelifuta. Lake bado." Akaninyooshea mkono wa kushoto nimwinue. "Twende nikauone huo waya ukikatwa, kabla hawajabadili mawazo."